Mashine Ilipona, Timu Ikapotea

Ukipeleka redio kwa fundi, unachotaka ni irudi ikiongea. Ukipeleka baiskeli, unataka irudi ikitembea. Mashine ya gemu ina mambo yake. Inaweza kurudi ikiwaka, ikisoma CD na kutoa picha safi kabisa, na bado ukawa umepata hasara ambayo hakuna fundi atakayekulipa, kwa sababu kilichokuwa na thamani kwako kilikuwa ndani yake na hakionekani kwa bisibisi. Somo hilo nililipata Tukuyu nikiwa mwanafunzi wa sekondari, na kadiri miaka inavyokwenda naona linagusa mambo mengi kuliko gemu.

Sisi watoto wa Bulyaga, palepale Tukuyu, tulianzia kwenye mabanda. Banda la gemu lilikuwa chumba kimoja, benchi la mbao, televisheni za chogo zimepangwa ukutani, na chini ya kila televisheni PlayStation 2 nyeusi iliyofunguliwa na kufungwa hadi skrubu nyingine hazipo. Ulilipa kwa mechi. Aliyefungwa alinyanyuka, aliyeshinda alibaki na pedi akimsubiri mwingine. Mvua ya wilaya yetu ya Rungwe, ambayo haina adabu ya kuchagua msimu, ilipiga bati hadi sauti ya mtangazaji wa kwenye gemu ikamezwa, na hakuna aliyejali. Kwetu banda lilikuwa pia mahali pakavu pa kungojea mvua ipungue kabla ya kwenda nyumbani kuulizwa ulikuwa wapi.

PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2000, ilihifadhi mchezo nje ya mwili wake. Ulichokisevu kilikwenda kwenye memori kadi, kibao cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye nafasi ya megabaiti 8 tu. Vijana wenye ligi ndefu walimiliki kadi zao. Mmoja wetu alivaa ya kwake shingoni kwa kamba ya kiatu, na juu yake ameandika herufi za jina lake kwa rangi ya kucha ya dada yake. Muda wake ukiisha alichomoa kadi, akaondoka na msimu wake mzima. Mashine ikifa usiku, kesho yake alikwenda banda la jirani, akachomeka, akaendelea alipoishia. Lenzi ikichoka kusoma CD, fundi alibadilisha lenzi na kadi iko nyumbani chini ya mto. Hakuna aliyetuambia kwamba huo ulikuwa ulinzi. Tuliuona ni utaratibu wa kawaida wa mashine.

Kisha kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, akaja likizo na PlayStation 3 iliyokwishatumika, ya kutoka Kariakoo. Hiyo ilikuwa na diski yake humohumo ndani, yenye nafasi kubwa kuliko ile kadi mara maelfu. Kadi ya shingoni ikawa haina kazi tena. Kila tulichofanya kiliingia tumboni mwa mashine na kutulia humo, nasi tukaona tumeendelea.

Gemu yetu ilikuwa PES 2013, ya mpira wa miguu. Ilikuwa na sehemu ya kuhariri, ambamo uliweza kubadili jina la timu, rangi za jezi, sura ya mchezaji na uwezo wake. Wenzetu wengi walitengeneza Simba na Yanga. Sisi tukatengeneza Tukuyu Stars.

Kwa msomaji asiyeifahamu: Tukuyu Stars, Banyambala kwa jina la utani, ndiyo timu iliyopanda daraja na moja kwa moja kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, ikiwaacha nyuma vigogo wa Dar es Salaam. Ubingwa huo haujarudi tena Rungwe. Sisi tuliozaliwa baadaye tuliukuta kwenye mazungumzo ya wakubwa, kwenye vibaraza na kwenye misiba, pale watu wanapokaa muda mrefu na maneno ya huzuni yamekwisha. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni; vituo vilianza miaka ya 1990. Aliyekuwa mbali na uwanja alitegea sikio Radio Tanzania. Kwa hiyo hakukuwa na mkanda wa video wa kuangalia ili tujue winga wa Banyambala alikimbiaje. Tulimhitaji mtu aliyemwona.

Mtu huyo alikuwa mjomba wetu. Alikuja jioni kutoka Katumba, akaamkiwa, akaketi nyuma yetu na kikombe cha chai, akaanza kuamuru.

"Huyu mpe mbio."

"Ngapi, mjomba? Tisini?"

"Tisini ndiyo nini? Mpe zote."

Beki mmoja, mjomba alitaka apewe nguvu hadi mashine ikagoma kupanda zaidi. Kuhusu kipa, alikataa tumrefushe. Alisema mtu yule hakuwa mrefu, ila alikuwa akiruka, na anayeruka hahitaji kimo. Kila mchezaji alikuwa na vipengele zaidi ya ishirini vya kujaza: kasi, pasi fupi, pasi ndefu, kuruka, pumzi, mguu anaoutegemea. Vyote vilipita kwenye mdomo wa mjomba na vidole vyetu. Kazi hiyo ilikula likizo nzima. Tukaiingiza timu kwenye ligi ya gemu, tukacheza msimu baada ya msimu, na usiku mmoja umeme ukiwa unafifia na kurudi, Banyambala wakaifunga Barcelona. Mjomba alishangilia kwa Kinyakyusa hadi jirani akagonga dirisha kuuliza kuna nini.

Mashine ilizimika jioni moja tukiwa katikati ya mechi. Tulipojaribu kuiwasha, taa ya kijani ilitokea, ikafuata ya njano kufumba na kufumbua, kisha nyekundu ikaanza kupepesa na mashine ikatoa milio mitatu mifupi. Mafundi wa PlayStation 3 wanaijua dalili hiyo. Mara nyingi ni viungio vya lehemu chini ya chipu kubwa vimechoka kwa joto, au vile vipande vinavyoipatia chipu umeme wake vimedhoofika. Tukuyu hatukumpata wa kuigusa. Tukapanda kosta kwenda Mbeya, kupitia Kiwira, Isongole na Uyole, mashine imefungwa kwenye kitenge cha mama juu ya mapaja ya kaka.

Fundi tuliyempata Mwanjelwa, hapo Mbeya, alikuwa hodari, na lililotokea halipunguzi uhodari wake. Meza yake ilikuwa na mita, bisibisi za kila ncha, na vifuniko vya chupa za maji vilivyojaa skrubu, kila kifuniko na mashine yake, ili zisichanganyike. Aliifungua yetu bila kuchubua kasha. Akafuta vumbi, akapaka pesti mpya juu ya chipu, akapuliza joto kwenye bodi kwa uangalifu. Ikawaka. Tukashangilia. Baada ya muda ikalala tena. Akatuambia tuiache, atatupigia.

Tulipoitwa kuichukua, alikuwa ameweka bodi ya mashine nyingine iliyopasuka kasha. Akabonyeza, ikawaka mara moja, na kwenye kioo ukafunguka ukurasa wa kuchagua lugha.

"Fundi, timu yetu iko wapi?" nikauliza.

"Timu gani, dogo?"

"Tukuyu Stars. Ilikuwemo humu."

Akacheka, na wala si kwa kejeli. "Mimi nimeletewa mashine haiwaki. Sasa inawaka. Ilitaka nifomati diski, nikakubali. Nisingekubali isingesonga mbele."

Kaka akatoa hela, akalipa. Makubaliano yalikuwa mashine iwake, na ilikuwa inawaka. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakuna aliyesema neno hadi tulipopita Kiwira.

Miaka baadaye, kazi iliponipeleka kwenye mambo ya kompyuta, nilimwelewa fundi yule. PlayStation 3 huandika vitu vyake kwenye diski kwa maandishi ya siri, na ufunguo wa kuyasoma umefungamana na bodi ya mashine hiyohiyo. Toa diski uipeleke kwenye PlayStation 3 nyingine, mashine hiyo haitaielewa; itaomba iifomati ianze upya. Maana yake, kabla haijafomatiwa, diski yetu ilikuwa nzima. Mjomba, kipa wake mfupi na ushindi dhidi ya Barcelona vyote vilikuwemo, ila hakukuwa tena na wa kuvisoma. Mafundi wazoefu wanajua jambo jingine: joto likiiamsha bodi mbovu kwa muda, muda huo ni wa kuchomeka flashi na kunakili, kwa kuwa mashine iliyoamshwa kwa joto kwa kawaida hurudi kuzima. Faili la timu ni dogo. Lingeingia kwenye flashi kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kushangilia.

Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko sisi. Gemu nyingi za mwanzo hazikuwa na mahali pa kusevu. Nyingine zilikupa nywila ndefu, ukachukua kalamu na kuiandika kwenye karatasi, kesho yake ukaiingiza herufi kwa herufi. Mwaka 1986, mwaka uleule wa Banyambala, kampuni ya Nintendo ilitoa The Legend of Zelda huko Japani. Toleo lake la Marekani, lililofuata mwaka 1987, lilibeba betri ndogo ndani ya kaseti ili kumbukumbu isifutike umeme ukizimwa. Watu walifurahi kuepuka kuandika. Lakini betri huisha, na ikiisha kilichohifadhiwa kinakwenda nayo. Mtoto mwenye nywila kwenye daftari alikuwa salama kuliko yule wa betri. Tangu hapo kila urahisi mpya umeisogeza kumbukumbu mbali zaidi na mkono wa mwenyewe: kutoka karatasi hadi betri, kutoka kadi ya mfukoni hadi diski iliyofungiwa ndani, na sasa hadi kompyuta za mbali ambazo baadhi yake unazilipia kila mwezi.

Tuliporudi nyumbani na mashine siku ile, mama hakuuelewa msiba wetu. "Mashine si inawaka? Mnalia nini?" Lakini katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa akitunza kumbukumbu inavyopaswa. Alikuwa mkulima mdogo wa chai, kama walivyo maelfu Rungwe. Siku ya kuuza majani mabichi aliyapeleka kituoni, karani akapima, akaandika kilo kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni. Ya juu moja, ya chini moja. Kila upande na yake. Za kwake mama alizifunga kwa mpira, mwezi kwa mwezi, akaziweka kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, mahali ambapo maji ya paa linalovuja hayafiki. Niliwahi kumwuliza anahifadhi makaratasi yote yale ya nini wakati kituo kina kitabu.

"Kitabu ni cha kwao," alisema. "Siku kikiliwa na panya, mimi kilo zangu ninazo."

Malipo ya mwezi yakionekana pungufu, kopo lilishushwa, mahesabu yakafanyika mezani, na asubuhi mama akaenda kituoni na ushahidi mkononi. Wataalamu wa kompyuta wanafundishwa kwamba kitu muhimu kiwe na nakala zaidi ya moja, na kwamba nakala zisikae mahali pamoja. Mama hakuwahi kushika pedi, lakini kanuni hiyo aliiishi kwa sababu ilihusu ada yetu ya shule.

Tuliamua kuijenga timu upya. Mjomba akaitwa, akaja, akapewa chai. Hapo ndipo yalipotokea mambo ambayo hatukuyategemea. Winga aliyekuwa kushoto akahamia kulia. Beki aliyekuwa jabali sasa akawa mwepesi, mtu wa akili, asiyecheza rafu.

"Mjomba, ulisema huyu anatumia mguu wa kushoto."

"Nilisema lini?"

Hatukuwa na pa kumwonyesha. Timu ya kwanza ndiyo iliyokuwa kumbukumbu ya maneno yake, na ilikuwa imefutwa. Tukaenda kwa rafiki zake. Kila mmoja akatupa kikosi chake, na kila mmoja aliapa kwamba mwenzake anachanganya na msimu mwingine. Rangi ya jezi peke yake ilizua ubishi uliomaliza jioni nzima. Wote walikuwa watu wakweli na wote walikuwepo uwanjani.

Nilianza kuona kwamba Banyambala walikuwa wamehifadhiwa vilevile tulivyowahifadhi sisi: kila nakala ndani ya kichwa kimoja, bila ya pili ya kulinganisha nayo. Wachezaji waliohamia klabu kubwa angalau waliandikwa. Sekilojo Chambua alipita Tukuyu Stars kabla ya kung'ara Yanga na timu ya taifa, na mpenzi wa soka wa nchi nzima anamjua. Waliomaliza mpira wakabaki Rungwe kulima ndizi na kuchuma chai wanajulikana na majirani tu, na majirani wanazeeka.

Kwa hiyo safari hii kulikuwa na kaunta buku. Mdogo wangu alichora mistari: jina la mchezaji, nafasi, mguu, nani kasimulia, tarehe. Wazee wawili wakipingana, aliandika maneno ya wote wawili bila kuamua kesi. Ndipo tukayaingiza kwenye mashine, na faili likanakiliwa kwenye flashi iliyokaa kwenye kopo la mama pamoja na risiti za chai. Timu hiyo ya pili haikuwa na makali ya ile ya kwanza na haikuwahi kuifunga Barcelona. Mashine yenyewe iliuzwa zamani. Kaunta buku lipo, na sasa ndilo lenye thamani, kwa kuwa baadhi ya waliomo kwenye safu ya "nani kasimulia" tumekwisha kuwazika.

Ukiniuliza nilichojifunza, nitaanza na la karibu. Fundi anatibu chombo. Kilichomo ndani ya chombo ni dhamana ya mwenye chombo hadi atakapoisema wazi. Watanzania tayari tuna nusu ya hekima hii: hakuna anayempa fundi simu bila kutoa laini na memori kadi. Nusu inayobaki ni kwamba siku hizi picha, meseji na namba nyingi haziko kwenye laini wala kwenye kadi. Ziko kwenye simu yenyewe, na simu ikiflashiwa zinakwenda. Nimewaona watu kwenye vibanda vya simu wakipoteza picha za mwisho za mzazi kwa sababu ya mchoro wa kufungulia waliousahau. Simu ilikuwa nzima. Fundi naye alifanya alichoombwa.

Swali la kuuliza ni fupi, na liulizwe kabla skrubu ya kwanza haijafunguliwa: "Fundi, vilivyomo vitabaki?" Akisema havitabaki, au akisita, omba kwanza avinakili au akurudishie chombo. Siku hizi wapo mafundi wanaoanza wao kuuliza kama kuna vitu vyako humu ndani. Fundi wa namna hiyo usimwache, hata kama bei yake iko juu kidogo. Mwenye PlayStation 4 anaweza kunakili alichokisevu kwenye flashi kupitia sehemu ya mipangilio, bila kulipa chochote. Mwenye PlayStation 5 hawezi kunakili sevu za gemu za mashine hiyo moja moja kwenye flashi. Atalipia huduma ya kuhifadhi mtandaoni, au atanakili mashine nzima kwenye diski ya nje. Kazi hiyo ifanyike mashine ikiwa nzima, maana ikishazima inakuwa ya kubahatisha.

La pili ni kubwa zaidi, na ndilo linalonifanya niandike. Tumezoea kuhesabu hasara kwa kitu kilichovunjika. Mashine ikiwaka tunasema imepona, mzee akiwa anatembea tunasema yupo. Hatuulizi kilichomo ndani yao kiko mahali pangapi pengine. Ligi ya gemu inaweza kuchezwa upya. Msimu wa 1986 hautachezwa upya, na waliouona kwa macho wanapungua kila mwaka unaopita.

Basi kama nyumbani kwako, Tukuyu, Kiwira, Katumba au Busokelo, kuna picha ya kikosi cha Banyambala, kipande cha gazeti, tiketi au barua ya klabu, ipige picha wiki hii. Itume kwa watu wawili wanaoishi miji tofauti. Kisha chukua ile ya karatasi, mpelekee mzee anayeijua, na uandike nyuma yake kwa kalamu majina yote anayoyakumbuka, pamoja na lake yeye na tarehe ya siku hiyo.